Kengele Iliayo Mezani na Kunyamaza Mtoni

Somo la redio kwa watu wazima: Ufundi wa Umeme Mdogo

Somo letu ni la ufundi wa umeme mdogo, yaani umeme wa betri. Somo la leo ni kwa wale wapendao kuunganisha vyombo kwa mikono yao wenyewe: fundi redio wa kijijini, kijana aliyemaliza shule, mkulima mwenye koleo ndogo, waya na subira. Mwenye kalamu na karatasi na aviweke karibu, kwa maana tutapiga hesabu kidogo. Si hesabu ngumu. Aliyezoea kupima mahindi kwa debe ataziweza.

Twende kwanza Gulwe, katika Wilaya ya Mpwapwa. Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, reli ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Jirani yake hupita mto Kinyasungwe. Wenyeji wa nchi ya kati wajua tabia ya mito yao: miezi mingi ni mchanga mtupu, watu huvuka kwa miguu, hata mgeni huuliza, "Mto uko wapi?" Kisha mvua hunyesha mahali pa mbali, na maji huja usiku bila kupiga hodi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivunja njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakosa njia ya kupita.

Basi si ajabu fundi wa huko akitaka kutengeneza kengele ya kumwamsha maji yanapokaribia ghala yake, zizi lake, au pampu ya bustani iliyo karibu na mto. Ni kazi nzuri, wala haina gharama kubwa. Lakini tuseme jambo moja wazi tangu mwanzo: kengele hii ni ya kumsaidia mtu kulinda mali yake. Haichukui nafasi ya tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, wala ya viongozi wa kijiji. Ukisikia tangazo la hatari, hama, usingoje kengele.

Kengele ya namna hii ina tabia moja iliyowachosha wengi. Hulia vizuri sana mezani, kisha hunyamaza mtoni. Leo tutaona sababu yake, na namna ya kulitafuta kosa kwa kupima, badala ya kubahatisha.

NAMNA INAVYOUNDWA

Chukua betri 4 za tochi, kila moja volti 1.5. Ukizipanga kwa mfuatano zatoa volti 6. Chukua kengele ndogo ya umeme ya volti 6, ile ya plastiki nyeusi iliayo kwa sauti nyembamba. Tuseme yako yataka mkondo wa miliampea 30. Miliampea ni fungu moja katika mafungu 1,000 ya ampea. Chukua transista moja ya BC547, na rezista moja ya omu 4,700. Mwisho chukua nyaya mbili ndefu za kufika mahali unapotaka kulinda.

Sasa fuata njia ya umeme. Upande wa chanya wa betri hutoa njia mbili. Njia ya kwanza hupita katika kengele, hufika kwenye mguu wa transista uitwao kolekta. Njia ya pili huenda kwenye waya mmoja wa majini. Waya wa pili wa majini hurudi nyumbani, hupita katika rezista, na kuingia mguu wa transista uitwao besi. Mguu wa tatu, uitwao emita, hurudi upande wa hasi wa betri.

Transista ni kama kibao cha kuzuia maji katika mfereji wa shamba. Mkono wa mtoto waweza kukiinua kibao, na maji mengi yakapita. Vivyo hivyo mkondo mdogo uingiao besi huifungua njia, na mkondo mkubwa hupita kutoka kolekta kwenda emita. BC547 hukuza mkondo kati ya mara 110 na mara 800. Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Kwa sababu transista hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa. Herufi A, B au C iandikwayo mwisho wa namba huonyesha daraja: A hukuza kidogo, C hukuza sana. Mwenye busara hupiga hesabu kwa ile dhaifu.

HESABU YA MEZANI NA HESABU YA MTONI

Tuseme fundi wetu amemaliza kulehemu. Anazigusanisha zile nyaya mbili za majini. Kengele yalia! Je, mkondo gani umeingia besi? Twatumia kanuni ya Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliyoichapisha mwaka 1827: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Tuna volti 6, lakini transista yenyewe hujichukulia kama volti 0.7 kwenye besi. Zabaki 5.3. Gawanya kwa omu 4,700, wapata kama miliampea 1.1. Hata transista dhaifu, ya kukuza mara 110, yaweza kuruhusu miliampea 120 hivi. Kengele yataka 30 tu, nayo haichukui zaidi. Kwa hiyo yalia kwa nguvu zote.

Fundi hatosheki. Achukua bakuli la maji, atia chumvi kidogo, atumbukiza nyaya. Kengele yalia tena. Basi aenda kuifunga mtoni kwa moyo mweupe. Mvua yaja, maji yapanda, nyaya zazama. Kengele kimya, au yatoa sauti ya mbu.

Kosa liko wapi? Liko katika maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Maji ya mvua mapya hayana chumvi nyingi, nayo huukinza umeme. Kisha fundi ameacha ncha ndogo tu za waya wazi, na ncha ndogo hugusa maji kidogo. Ukinzani kati ya ncha hizo waweza kufika makumi ya maelfu ya omu, au kupita. Tushike omu 47,000. Jumlisha na 4,700 za rezista: ni 51,700. Gawanya volti 5.3 kwa hizo. Wapata miliampea 0.1 tu! Transista ya kukuza mara 110 itaruhusu miliampea 11. Ya mara 200 itaruhusu 20. Kengele yadai 30. Mtu aliyezoea kushiba vibaba vitatu umempa kimoja, nawe wamlaumu kwa kukosa nguvu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Fundi husema, "Transista ni mbovu," akanunua nyingine. Kwa mtu wa Gulwe, hiyo ni safari ya Mpwapwa au Dodoma, na nauli yake yaweza kushinda mara nyingi bei ya kipande chenyewe. Arudi, aibadili, na kengele bado kimya. Abadili kengele. Kimya. Mwisho akitupa chombo chote pembeni, na kumbe hakuna kipande hata kimoja kilichokuwa kibovu. Mpango wenyewe ndio uliokuwa mwembamba mno.

PIMA KWANZA

Mita ya kupimia umeme, ambayo mafundi huiita multimita, ndiyo mboni ya jicho la kazi hii. Kama huna, azima, au wanunue watu watatu mmoja. Weka mita kwenye volti za betri. Waya wake mweusi uushike upande wa hasi wa betri daima. Ule mwekundu ndio utakaotembea.

Kisha chukua rezista ya omu 47,000 uunganishe nayo zile nyaya mbili, badala ya maji. Rezista hiyo ndiyo "maji mabaya" yako ya mezani. Usigusanishe nyaya tupu, wala usitie chumvi. Kipimo chepesi hukudanganya. Sasa pima kwa mpango huu, bila kuruka hata hatua moja.

Hatua ya kwanza, betri. Pima huku chombo kikifanya kazi. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikipumzika, lakini ikipewa mzigo huanguka. Ukikuta volti 4 badala ya 6, usiendelee. Badili betri kwanza.

Hatua ya pili, besi. Ukikuta kama volti 0.7, mkondo wafika. Ukikuta sifuri, mkondo haufiki: tafuta waya uliokatika, au lehemu isiyoshika. Ukikuta volti nyingi, mathalani 3 au 5, basi emita haikuunganishwa, au transista imekatika ndani.

Hatua ya tatu, kolekta. Hapa pana majibu manne, na kila moja lina maana yake. Ukikuta chini ya volti 0.3 na kengele yalia, mlango umefunguka wazi. Kazi ni njema. Ukikuta chini ya volti 0.3 na kengele kimya, tazama kengele: huenda imekufa, imekatika waya, au umeigeuza chanya na hasi. Ukikuta volti 6 kamili, hakuna mkondo upitao katika kengele: chunguza miguu ya transista. Na ukikuta volti 2 au 3, mlango umefunguka nusu. Hiyo ndiyo dalili ya njaa tuliyoieleza. Transista ni nzima, ila haikupewa mkondo wa kutosha.

Mwaona, ndugu zangu? Vipimo vitatu, dakika chache, na tumejua kama tunaugua ugonjwa wa betri, wa waya, wa kipande, au wa mpango. Haikutulazimu kupanda basi.

MITEGO YA KUCHAGUA VIPANDE

Mtego wa kwanza ni rangi. Rezista ya omu 4,700 ina mistari ya njano, zambarau na nyekundu. Ile ya omu 47,000 ina njano, zambarau na rangi ya chungwa. Usiku, kwa kibatari, nyekundu na chungwa hufanana kama mapacha. Ukikosea hapo, umeongeza ukinzani mara kumi. Usiamini jicho usiku. Ipime kwa mita kabla ya kuilehemu.

Mtego wa pili ni miguu. Shika BC547 uso wake bapa ukikutazama, miguu ikielekea chini. Kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Sasa shika 2N3904, nayo ni transista njema iwezayo kufanya kazi ile ile. Kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Imegeuka! Ukiitia katika matundu ya BC547 bila kuigeuza, itafanya kazi kwa udhaifu mkubwa au isifanye kabisa. Tena iko BC557, ifananayo na BC547 kwa umbo lote, lakini njia za umeme wake zimepinduliwa. Hiyo haiwezi kuchukua nafasi yake katika chombo hiki. Soma namba yote, si tarakimu mbili za mwanzo.

Mtego wa tatu ni vipande vya redio chakavu. Rezista na transista za zamani mara nyingi bado ni nzima, nazo ni akiba nzuri ukizipima. Lakini zile kapasita za kopo, zenye maji ya dawa ndani, hukauka kwa joto na miaka. Kopo lililovimba kichwa au kuvuja litupe.

Mtego wa nne ni kununua kilichofika mpaka. BC547 imepewa mpaka wa miliampea 100. Kengele ya miliampea 30 ni mzigo wa haki. Kengele ya miliampea 95 ingefanya kazi, lakini ndani ya boksi lililoachwa juani pale Gulwe, transista ingebaki bila akiba ya nguvu. Mpe punda mzigo wa nusu ya nguvu zake, naye atakufikisha.

DAWA YA KENGELE YETU

Sasa tuitibu. Dawa ya kwanza haina gharama. Ondoa zile ncha za waya, ufunge vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu, vikiwa mbalimbali kama upana wa vidole viwili. Kijiko kina uso mpana, kwa hiyo ukinzani wa maji hupungua sana. Waya wa shaba mtupu ukikaa majini huku umeme ukipita, ule wa upande wa chanya huliwa polepole. Kijiko cha namna hiyo huvumilia zaidi. Vifunge juu ya kipande cha plastiki, si ubao, maana ubao hunyonya maji, nao ukilowa hupitisha umeme.

Dawa ya pili ni transista ya pili. Kolekta za transista zote mbili ziungane kwenye kengele. Emita ya kwanza iingie besi ya pili. Emita ya pili iende hasi. Ikiwa ya kwanza hukuza mara 110, na ya pili mara 110, kwa pamoja hukuza mara 12,100. Hata maji safi ya mvua yatatosha. Ukipima sasa, utakuta kama volti 1.3 kwenye besi ya kwanza, na 0.7 kwenye besi ya pili. Kolekta haitashuka mpaka 0.3 kama kwanza, bali itakaa chini kidogo ya volti 1. Usishtuke, ndiyo tabia ya transista mbili zilizofungwa hivyo, na kengele yabakiwa na volti 5 na zaidi.

Lakini kila dawa ina madhara yake. Chombo kisikiacho mno husikia hata umande. Kengele italia alfajiri kwa unyevu tu, nawe utaamka bure siku tatu, na siku ya nne utaitoa betri. Kwa hiyo unganisha rezista ya omu 100,000 kutoka besi ya kwanza kwenda hasi. Mistari yake ni kahawia, nyeusi, njano. Hiyo huuondoa mkondo mdogo wa unyevu kabla haujafungua mlango, lakini mkondo wa maji ya kweli huishinda. Mwisho, weka dayodi ya 1N4148 sambamba na kengele, mstari wake ukielekea chanya. Kengele nyingi zina koili ndani, na koili ikizimwa hurusha volti za ghafla ziwezazo kuua transista.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Chombo hiki kitakaa miezi mingi kikingoja usiku mmoja. Mchwa watapita, vumbi litaingia, betri zitavuja. Hakuna atakayejua, kwa sababu kengele nzima isiyolia na kengele iliyokufa isiyolia zafanana. Kwa hiyo tia kitufe cha kujaribia, pamoja na ile rezista ya omu 47,000, ukiunganishe kati ya vile vijiko viwili, kule kule mwisho wa nyaya. Bonyeza kila Jumamosi. Ukikiweka nyumbani karibu na kengele, utaijaribu kengele tu. Nyaya zilizokatika njiani hutazijua. Kabla ya mvua za Desemba kuanza, badili betri zote nne kwa pamoja, hata kama zaonekana nzima.

Basi, ndugu wasikilizaji, shikeni hili moja katika somo la leo: kijaribu chombo chako kwa hali ngumu itakayokikuta, si kwa hali rahisi uliyonayo mezani. Na kikishindwa, kiulize kwa mita kabla ya kukihukumu.

MASWALI YA KUJIBU MKIWA KATIKA KIKUNDI

1. Kengele ya betri 4 yatoa sauti ndogo. Besi ina volti 0.7, kolekta ina volti 2.5, na transista ni moja. Je, utanunua nini? Au hutanunua kitu?

2. Kwa nini si vema kuijaribu kengele ya maji kwa maji ya chumvi?

3. Una rezista mbili. Ya kwanza ina njano, zambarau, nyekundu. Ya pili njano, zambarau, chungwa. Ipi iende kwenye besi, na ipi kwenye kitufe?

4. Kila mmoja ataje chombo kimoja nyumbani kwake kinachongoja siku moja tu ya kazi. Kilijaribiwa lini mara ya mwisho?

Jibu la swali la kwanza msiliharakie. Jadilianeni kwanza, mkisha mpime. Kwa herini.